Mama Mkalimani na Neno Alilolisema Bondeni

Mama tunayemsindikiza leo aliweka sharti moja kuhusu maneno haya. Wiki tatu kabla ya kufariki, akiwa ameegemezwa mito miwili, alimwambia binti yake wa kwanza: "Mkiandika wasifu wangu msinipake rangi. Andikeni na lile la bondeni. Mkiliruka, kila mtu atalijaza kwa namna yake, nami sitakuwepo kusahihisha." Wanawe wameandika kama alivyotaka, na binti huyo ndiye anayesoma.

Marehemu alizaliwa tarehe 19 Agosti 1955 katika nyumba namba tisa ya wafanyakazi wa reli, akiwa wa kwanza kati ya watoto watano. Baba yake alikuwa mpiga ishara wa treni, na mama yake fundi cherehani aliyeshona sare za shule sebuleni. Stesheni ilikuwa mbele ya mlango wao. Mtoto alikaa kwenye benchi la abiria, akasikiliza lugha za watu waliopita, akayarudia maneno yao mpaka mama yake akamwita kula. Akiwa na miaka sita alimwonyesha abiria mgeni dirisha la tiketi kwa lugha ya abiria huyo mwenyewe, na mkuu wa stesheni akampa jina la Kasuku. Wadogo zake wamemwita Dada Kasuku hadi wiki hii.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1963 katika shule ya reli, akaingia sekondari ya bweni ya wasichana mwaka 1970, na kumaliza mwaka 1975 akiwa wa pili shuleni. Aliyekuwa wa kwanza alimpita kwa hesabu tu, na marehemu alilikumbusha jambo hilo kila alipopata nafasi. Mwaka 1976 nchi rafiki ilitoa nafasi kumi na mbili za masomo chini ya mkataba wa ushirikiano, naye akapata moja, ya ukalimani. Alikaa huko miaka minne. Majira ya baridi ya kwanza aliandika nyumbani kwamba maji ya mtoni yamekuwa sakafu na watu wanapita juu yake na baiskeli. Baba yake aliisoma barua hiyo kwa sauti kwenye kibanda cha ishara. Mkuu wa stesheni akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa huruma, "Mwenzangu, mtoto amezidiwa na masomo. Mwandikie arudi." Alirudi Julai 1980 na cheti cha daraja la kwanza, pamoja na kanuni ya kazi ambayo wanawe waliisikia kabla hawajajua kuhesabu: usiongeze, usipunguze.

Tarehe 2 Februari 1981 aliajiriwa katika Idara ya Uwekezaji na Ushirikiano wa Kimataifa, ghorofa ya tatu, kwenye meza aliyogawana na mpiga chapa. Alikuwepo ulipotiwa saini mkataba wa pampu zinazosukuma maji ya mji huu mpaka leo. Alikuwepo pia kwa ule wa chuo cha wauguzi, alikosomea mdogo wake wa mwisho. Aliipenda kazi ile kwa moyo wake wote. Watoto wakinung'unika kwamba amechelewa, aliwaambia: "Leo nimekaa na watu wenye mitambo na watu wenye ardhi. Wakisikilizana, mkikua mtapata kazi." Siku moja mkuu wa ujumbe wa wageni alihutubia kwa dakika arobaini, naye akatafsiri kwa dakika sita. Mkurugenzi wa idara akamnong'oneza, "Mbona fupi hivyo? Umeacha nini?" Akajibu, "Sijaacha kitu, Mkurugenzi. Amesema jambo moja mara saba, nami nimewaambia amelisema mara saba."

Kwenye dhifa za wageni, mkalimani hukaa mezani lakini hali, kwa sababu mdomo wake una kazi pande zote mbili. Mtu wa kwanza kuliona hilo alikuwa dereva wa idara. Kwa miezi minane alimfichia sahani chini ya kiti cha mbele, imefunikwa kwa gazeti, bila kusema lolote. Siku aliyosema, alisema hivi: "Bi Mkalimani, wewe unawasemea watu wote. Mimi nani atanisemea kwako?" Akamjibu, "Jaribu mwenyewe, nitakusahihisha." Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 10 Desemba 1983, wakajaliwa wasichana wawili na mvulana mmoja.

Sasa lile la bondeni.

Mwaka 1996 kampuni moja ya nje, ikitumia mkopo wa mfuko wa ushirikiano wa nchi yake, ilitaka kujenga kiwanda cha kusindika matunda. Ardhi iliyochaguliwa ilikuwa bonde walilokuwa wakilima watu wa upande wa mama yake, kaya mia mbili na kumi na nne. Kaya hizo zingehamia kwenye nyumba mpya kando ya barabara kuu, na watu wao wangepata ajira kiwandani. Kuwaeleza hayo kulihitaji mkutano, na mkutano ulihitaji mkalimani. Ukafanyika Jumamosi tarehe 12 Oktoba 1996, kwenye uwanja wa shule, kuanzia saa tatu asubuhi.

Watu walikuja wamekunja uso. Walilainika walipomwona yeye amesimama kando ya mgeni, mwakilishi wa kampuni. "Huyu mtoto wetu," walisemezana. "Hawezi kutuuza." Ilipofika saa nane mchana, alisimama mjomba wake, ndugu wa mama yake wa tumbo moja, fundi seremala ambaye kila mtu alimwita Mzee Randa.

"Mwanangu, niulizie mgeni," alisema. "Kiwanda kisiposimama, mashamba yetu tutarudishiwa?"

Aliuliza. Mgeni akajibu kwa neno ambalo katika lugha yake linakaa katikati ya "itakuwa" na "tungependa iwe hivyo". Marehemu alikuwa amesimama kwa muda wa saa tano, koo limekauka, hajatia kitu tumboni, na nyuma yake mkurugenzi alikuwa akinong'ona, "Malizia, malizia, magari yanasubiri." Akawageukia watu akasema, "Ndiyo. Mtarudishiwa."

Uwanja ulilipuka kwa makofi. Karatasi zilisainiwa alasiri ile ile, nyingine kwa dole gumba, na Mzee Randa alikuwa wa kwanza kuishika kalamu.

Walipoingia garini marehemu hakungoja mlango ufungwe. "Mkurugenzi, nimekosea neno."

"Neno gani tena?"

"Nimewaambia mtarudishiwa. Mgeni amesema wanategemea iwe hivyo. Hajaahidi."

"Si ni kitu kimoja?"

"Si kitu kimoja hata kidogo. Turudi niwaambie, bado hawajatawanyika."

"Wageni wamefurahi, wananchi wamefurahi, wewe unataka kutuharibia kazi ya miaka miwili? Dereva, twende."

Aliyeshika usukani alikuwa mumewe. Alimtazama mkewe kwenye kioo, akatazama mbele, akaondoa gari. Mzee wetu huyu, aliyeketi mstari wa kwanza, ameomba na hilo lisomwe.

Kaya zilihama Machi 1997. Kuta za kiwanda zilipanda mpaka usawa wa madirisha, na Juni 1999 kazi ikasimama. Kule nje serikali ilikuwa imebadilika, mfuko ukapewa malengo mapya, na kampuni ikauza hisa zake. Ardhi ya bonde ilikuwa imewekwa dhamana ya mkopo, kwa hiyo ikaangukia mikononi mwa kampuni nyingine. Hiyo haikulima wala haikujenga. Ilizungusha uzio wa waya na kusubiri bei ipande. Kwenye nyumba za barabarani hapakuwa na shamba, hapakuwa na kiwanda. Vijana walitawanyika mmoja mmoja, na wazee wakabaki barazani wameshika tama.

Mwaka 2001 Mzee Randa alipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, kofia mkononi. Mkurugenzi alimwambia kwamba idara haikuahidi kitu, aliyesema ni mgeni. Mzee akahamia kwenye meza ya mpwa wake.

"Mjomba, yule mgeni alishaondoka," marehemu alimwambia. "Nimeandika mara mbili, hajajibu."

"Mgeni hatukumsikia hata neno moja," alisema mjomba, bila kupandisha sauti. "Tulikusikia wewe."

Mzee akavaa kofia, akashuka ngazi.

Wananchi walikwenda mahakamani. Kanda iliyorekodi mkutano ilikuwa imepotea, na kumbukumbu za maandishi zilisema tu kwamba maswali yalijibiwa na wote wakaridhika. Kesi nzima ikaning'inia kwenye ushahidi wake. Asubuhi ya Jumanne tarehe 18 Novemba 2003, kwenye korido ya mahakama, wakili wa wananchi, dada aliyewatetea bila malipo, alimvuta pembeni.

"Mama, leo sema mgeni alitamka 'mtarudishiwa'. Basi. Hakuna wa kukupinga."

"Hakutamka."

"Uliyekosea ni wewe, wanaoumia ni wao. Ninachokuomba ni neno moja tu."

"Hata siku ile lilikuwa neno moja tu," alijibu.

Tunataka ieleweke kwamba hakuingia kizimbani kuwaangusha watu wake. Aliamini kwamba idara iliyompa kazi ya kusema ingebeba kosa la mdomo wake, na kwamba ukweli ungetosha. Akasema yote kama yalivyokuwa. Wakili wa idara akainuka.

"Kwa hiyo unakiri ulikosea?"

"Nakiri. Na nilimwambia mkurugenzi palepale garini."

"Nani alisikia?"

"Dereva."

"Dereva huyo ni nani kwako?"

"Ni mume wangu."

Watu wa nyuma walicheka. Mkurugenzi, alipoitwa, alisema hakumbuki mazungumzo yoyote ya garini.

Hukumu ilisomwa tarehe 27 Februari 2004. Mgeni hakuahidi, ilisema, idara haikuahidi, na mkalimani hana mamlaka ya kuahidi. Ahadi ikabaki haina mwenyewe. Watu wa bondeni walimpita kwenye korido kama wanavyopita nguzo. Aliyesimama alikuwa Mzee Randa peke yake.

"Ungesema uongo mdogo, mwanangu," alimwambia. "Mmoja tu, kwa ajili yetu."

Wanawe wamekua wakibishana juu ya maneno hayo mezani, na mpaka leo hawajakubaliana.

Aliacha kazi Aprili 2004, akapata vipindi vya kufundisha lugha katika chuo cha hoteli, ambako aliwazoesha wapokeaji wageni kusema "karibu" na "chumba chako kipo tayari". Saa zilizobaki aliandika barua. Aliuandikia mfuko, bunge la kule, kampuni ya kwanza, kampuni ya pili, magazeti, na hata mgeni yule ambaye siku hizo alikuwa amestaafu, akifuga nyuki. Alipigwa danadana miaka kumi na miwili. Ofisi hii ilimtuma ile, ile ikamrudisha hii, nyingine ikamshukuru kwa kuonyesha nia. Meza ya chakula ilijaa makaratasi, na familia ikazoea kula sahani zikiwa mapajani. Siku moja mwanawe alishindwa kuvumilia: "Mama, wewe una watoto watatu. Huna watoto wa kaya mia mbili na kumi na nne." Akamjibu, "Najua, baba. Ninyi mnisamehe," kisha akarudi kuandika. Kijana huyo, ambaye sasa ni mtu mzima, anasema angetoa chochote kuyarudisha maneno yale.

Mzee Randa alifariki tarehe 3 Juni 2014. Alikuwa ameomba kulazwa kando ya mkewe, ambaye kaburi lake lilibaki bondeni, ndani ya uzio. Siku ya maziko jeneza lilipelekwa mpaka getini, juu ya gari, saa sita ya jua kali. Msimamizi wa kampuni alitoka. Alikuwa mgeni, na kati ya watu wote waliokuwa pale, mmoja tu alijua lugha yake.

"Mwambie hatudai ardhi," alisema mtoto mkubwa wa Mzee Randa. "Tunaomba shimo moja, pale penye msalaba wa mama."

Marehemu akamwambia. Msimamizi akasikiliza, akavua kofia, akajibu kwa upole. Alikuwa na amri kutoka juu, asifungue kwa yeyote, na akifungua atafukuzwa. Kisha watu zaidi ya mia wakageuka kuutazama mdomo wa mkalimani.

"Amesema hapana," aliwaambia. "Amesema anasikitika, na amesema hapana."

"Umeuliza vizuri?"

"Nimeuliza vizuri."

"Muulize tena."

Aliuliza tena. Mara ya tatu aliuliza akiwa amepiga magoti kwenye changarawe, naye mwanamke wa miaka hamsini na minane, na mara ya tatu jibu lilikuwa lile lile, naye akalitamka lilivyo. Msimamizi akarudi ndani akijifuta uso. Gari liligeuzwa, na Mzee Randa akazikwa hapa, kwenye makaburi haya ya manispaa.

Mei 2016 ilifika barua iliyosubiriwa. Ofisi ya malalamiko ya mfuko ilikuwa imechunguza. Marehemu aliipeleka kwenye nyumba za barabarani, akakaa barazani, akaisoma sentensi kwa sentensi. Malalamiko yana msingi, ilisema. Wananchi hawakuelezwa kwa usahihi, na walipata hasara. Hata hivyo malalamiko yalipaswa kuletwa ndani ya miaka miwili tangu mradi ufungwe, na muda huo umepita. Faili limefungwa.

Mama mmoja aliyekuwa amebeba mjukuu mgongoni aliuliza, "Hakuna neno hapo linaloweza kuwa na maana nyingine?"

"Nimelitafuta tangu juzi," marehemu alisema. "Hakuna."

Hakuandika barua nyingine. Alichoendelea nacho ni kwenda kwenye nyumba zile kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, mumewe akiendesha, kuwasomea wazee vyeti vya hospitali na barua za watoto wao walioko nje. Zipo nyumba zilizomfungulia na kumpa kiti. Zipo ambazo hazikuwahi kufungua. Alibisha hodi kwenye zote.

Ugonjwa ulianza mwaka 2018. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, na madaktari wakaeleza kwamba moyo umetanuka na hauna nguvu ya kusukuma damu. Alilazwa mara tano. Alikuwa mgonjwa mgumu, aliyewahoji madaktari kila neno. Wakisema "utaona nafuu", alitaka kujua nafuu ya kiasi gani na kwa muda gani, na wakikwepa aliwaambia wazi kwamba wanakwepa. Kwa wanawe hakuficha kwamba alikuwa amekata tamaa. "Nilidhani nikisema kweli kwa muda mrefu wa kutosha, itasaidia mtu," alimwambia binti yake wa pili. Binti alitaka kumjibu kwamba imesaidia. Alipojaribu kufikiria ni nani iliyemsaidia, akaishia kumkanda miguu.

Marehemu alifariki Alhamisi tarehe 9 Machi 2023, saa nne na robo asubuhi, katika wodi namba sita, mumewe akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka sitini na saba. Dakika chache kabla aliomba maji na kuuliza kama mjukuu wake mdogo amekwenda shule. Aliambiwa amekwenda.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu wanne, wadogo watatu, na wanafunzi wengi wa chuo cha hoteli ambao leo wamekuja na sare zao za kazi kwa sababu zamu inaanza saa kumi. Familia inawashukuru wauguzi wa wodi namba sita, majirani waliopika na kufua tangu Alhamisi, na wote waliotoka kwenye nyumba za barabarani. Ninyi hamkuwa na deni la kuja. Kuna wenzenu waliotutumia ujumbe jana kwamba hawatakuja. Mama alikwisha kusema wasilaumiwe, kwamba wana haki yao.

Aliagiza pia tuseme maneno haya mbele ya kaburi lake, na tunayasoma alivyoyatamka, bila kuongeza wala kupunguza: "Nilisema mtarudishiwa. Hamkurudishiwa. Naomba mnisamehe, na asiyeweza, sina kinyongo naye."

Bonde mpaka asubuhi ya leo limezungukwa na waya, na ndani yake hakuna kilichopandwa.

Ee Mungu, mpokee mama yetu, na umpe utulivu ambao sisi tuliompenda tulishindwa kumpa.